Rekodi kumi za kazi moja ya Haydn: uanze na ipi?

Swali: "Naishi Tabata, naimba alto kwenye kwaya ya kanisani. Mwalimu wetu alitusikilizisha kazi ya Haydn ya ala nne za nyuzi, Op. 76 namba 3, ikanikaa kichwani. Nilipoitafuta kwenye simu nikakuta rekodi zaidi ya kumi. Moja ina dakika 23, nyingine 28, nyingine imejaa mikwaruzo, na kuna moja ambayo ala zote zinasikika chini kidogo ya tuni. Ipi ndiyo yenyewe? Na je, lazima ninunue vifaa vya gharama? Nyumbani nina sabufa ya kawaida na spika za masikioni za simu."

Jibu: Zote ndizo zenyewe, dada. Haydn aliacha noti kwenye karatasi. Mengine yote, kasi, uzito wa upinde, mahali pa kurudia na mahali pa kuvuta pumzi, yanaamuliwa na watu wanne waliokaa mbele ya maiki siku ile. Kwa hiyo kutafuta iliyo sahihi hakutakufikisha mbali. Jiulize badala yake: ni rekodi ipi inayonifanya nizisikie sauti zote nne, hasa zile mbili za katikati? Wewe muimba alto unaijua shida hiyo kuliko wengi. Soprano inasikika hata kwa aliyesimama getini, besi inatetemesha viti, na alto na teno ndizo zinazomezwa. Katika kwateti (nitatumia neno hili kwa kundi la fidla mbili, viola moja, yaani fidla kubwa kidogo ya sauti ya chini zaidi, na chelo moja, ala kubwa ya besi, na pia kwa kazi zilizotungwa kwa ajili yake) wanaomezwa ni fidla ya pili na viola. Rekodi inayowaficha hao wawili, hata kama inang'aa kiasi gani, inakupa nusu ya kazi.

Tumalize kwanza hayo mambo matatu yaliyokutatiza.

Tofauti ya dakika 23 na 28 inatokana zaidi na marudio. Haydn, Mozart na Beethoven wa mwanzo waliweka alama za kurudia kwenye sehemu ya kwanza ya kwateti zao, na mara nyingi kwenye sehemu nyingine pia. Kundi moja linazifuata zote, jingine linafuata ya kwanza tu, jingine linapita moja kwa moja. Zamani jambo hili lilibanwa na nafasi: upande mmoja wa santuri kubwa ya mizunguko 78 ulibeba dakika nne hivi tu, kwa hiyo marudio yalikuwa ya kwanza kukatwa. Santuri ndefu zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, upande mmoja ukawa na dakika ishirini na ushee, na makundi yakapata uhuru. Ukitaka kuona ukubwa wa athari hii, angalia kwateti ya Schubert namba D. 887 (D., kama K. na Hob. utakazokutana nazo mbele, ni herufi za orodha ya kazi za mtunzi). Sehemu yake ya kwanza huchukua takriban dakika 15 bila kurudia, na zaidi ya 20 ikirudiwa. Kasi nayo ina mchango wake, lakini kabla ya kusema "hawa wanakimbia", hakikisha kwanza kama wamerudia.

Mikwaruzo ni dalili kwamba rekodi asili ni santuri ya kabla ya miaka ya 1950. Usiiogope, ila jua namna ya kuchagua. Rekodi nyingi za umri huo haki zake zimekwisha Ulaya, kwa hiyo kampuni kadhaa zimezitoa upya, kila moja na jalada lake na kila moja imesafisha kwa namna yake. Unaweza kukuta rekodi nne kwenye orodha, kumbe zote ni siku moja ile ile studioni. Katika hizo, chagua yenye mikwaruzo kidogo inayosikika, usichague iliyo kimya kabisa. Anayesafisha kelele kupita kiasi hufuta pia noti ndogo za juu ambazo ndizo zinatofautisha fidla na viola, na unachobaki nacho ni sauti nzito kama imefunikwa blanketi.

Ile inayosikika chini ya tuni haina kosa. Yapo makundi yanayotumia ala za namna ya enzi za Haydn, zenye nyuzi za utumbo, na huzituni chini ya kipimo cha leo. Mara nyingi noti ya A huwa kwenye 430 hivi badala ya 440. Hiyo ni pungufu kidogo ya robo toni, na sikio la mwanakwaya aliyezoea kinanda cha kanisani huishtukia mara moja. Sikiliza dakika tano bila kurudi kwenye rekodi nyingine, utaizoea.

Namna ya kuisikiliza hiyo Op. 76 namba 3

Bahati yako ni kwamba umeangukia kazi ambayo ni darasa kamili la kusikiliza kwateti. Nenda sehemu ya pili, ya polepole, iliyoandikwa Poco adagio, cantabile. Wimbo wake Haydn aliutunga mwanzoni mwa 1797 kwa heshima ya Kaisari Franz wa Austria, na leo ndio wimbo wa taifa wa Ujerumani. Una mistari mitano ya vipimo vinne vinne: wa kwanza unarudiwa, wa kati unapita mara moja, wa mwisho unarudiwa. Jumla vipimo ishirini. Uimbe kwa mdomo hadi uujue kabisa, kwa do re mi ukipenda, kabla hujaendelea. Bila hatua hii yanayofuata hayatakusaidia.

Mara ya kwanza fidla ya kwanza inauimba na wenzake watatu wanaandamana nayo, noti kwa noti, kama sauti nne za tenzi. Kisha inakuja mizunguko minne, na katika yote minne wimbo wenyewe haubadilishwi. Kinachobadilishwa ni mkono unaoushika. Katika mzunguko wa kwanza anaushika fidla ya pili, na ni fidla mbili tu zinazopiga: ya kwanza inatiririsha noti za haraka juu yake, viola na chelo ziko kimya. Hapa ndipo wasikilizaji wengi hupotea, kwa sababu sikio hukimbilia kwenye kinachokwenda mbio. Lazimisha sikio libaki chini, kwenye wimbo. Mzunguko wa pili ni wa chelo, ikiimba juu kuliko ilivyozoea, huku fidla ya kwanza ikiingia nje ya pigo. Wa tatu ni wa viola, na wenzake wanauzungushia noti za nusu toni zinazoufanya uonekane umehamia mahali pengine. Wa nne unarudi kwa fidla ya kwanza, lakini maelewano chini yake ni mapya na mazito, na kabla ya mwisho wimbo unapanda oktavu nzima.

Fanya hivi: sikiliza mzunguko wa tatu, wa viola, katika rekodi tatu tofauti mfululizo, huo tu. Katika moja utaona viola imesogezwa mbele kama mwimbaji wa peke yake. Katika nyingine imeachwa mahali pake, na fidla ya kwanza ndiyo imejishusha ili isimfunike. Katika nyingine utalazimika kuutafuta wimbo. Ukifanya hivyo utakuwa na maoni yako kuhusu hayo makundi, na hutahitaji nyota za mtu yeyote.

Kuna tabia moja ya sikio la hapa kwetu ambayo ni vizuri kuijua. Katika taarabu ya kizamani, ile ya vilabu kama Egyptian na Al-Watan hapa Dar es Salaam au Culture kule Unguja, fidla kadhaa hushika wimbo mmoja kwa pamoja, kila mmoja akiupamba kidogo. Masikio yaliyolelewa na muziki huo yana ustadi mkubwa wa kufuata mapambo ya wimbo mmoja, na ndiyo maana yakifika kwenye kwateti hujishikiza kwa fidla ya kwanza na kuziona nyingine tatu kama msindikizo. Mwanakwaya wa sauti nne ana njia fupi zaidi: chukua ile nafasi unayoiimba. Wewe ni alto, basi mara ya pili fuata fidla ya pili mwanzo hadi mwisho. Noti zake unaweza kuziona bure kwenye IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya noti za watunzi ambao haki zao zimekwisha.

Vifaa ulivyonavyo vinatosha, ila virekebishe

Spika ya simu yenyewe achana nayo. Uzi wa chini kabisa wa fidla una mitetemo 196 kwa sekunde, wa viola 131, wa chelo 65. Spika za simu nyingi hufifia sana chini ya 300 hivi. Ubongo hujazia kilichopungua kwa kukisia, kwa hiyo utadhani chelo unaisikia, kumbe unachosikia ni kivuli chake chembamba.

Spika za masikioni za kawaida, za waya, zinafaa sana kwa kwateti, mradi mambo mawili yawe sawa. La kwanza ni zile ncha za mpira. Zikiwa ndogo kuliko tundu la sikio, besi inavuja yote na chelo inapotea. Zijaribu saizi zote zilizokuja kwenye boksi, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. La pili ni kushoto na kulia kuwa mahali pake. Makundi mengi hukaa nusu duara, fidla ya kwanza kushoto kwa msikilizaji, ya pili pembeni yake, halafu viola na chelo upande wa kulia, mara nyingine chelo ikiwa pembezoni na mara nyingine viola. Ukigeuza masikio au ukisikiliza kwa sikio moja unapoteza ramani hiyo, ambayo ndiyo msaada mkubwa kwa anayeanza. Rekodi za kabla ya 1958 kwa kawaida ni za mono, yaani masikio yote mawili yanapata sauti ile ile, humo usitafute ramani.

Sabufa inahitaji kazi zaidi. Boksi la besi limetengenezwa ili bongo fleva isikike hadi kwa jirani, na linabeba peke yake sehemu kubwa ya eneo la chelo, hata noti za chini za viola. Matokeo yake ni kwamba noti fulani za chelo zinavimba na nyingine zinapotea, na mpiga chelo anaonekana hana mkono thabiti ilhali kosa si lake. Punguza kitufe cha besi hadi mwisho. Kisha piga mwanzo wa kwateti ya Beethoven Op. 59 namba 1: chelo ndiyo inayoanza na wimbo, huku fidla ya pili na viola zikigonga noti za kurudiarudia juu yake. Ongeza besi polepole hadi chelo isikike kama mtu anayeimba. Noti moja ikianza kuvuma chumbani, rudisha nyuma kidogo, na ukiacha hapo usiguse tena.

Zile spika ndogo mbili zisikae chini sakafuni wala juu ya kabati. Ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kati yake, na nafasi ya sentimita 30 hivi kutoka ukutani. Boksi la besi litoe kwenye kona, kwa sababu kona huongeza mvumo. Vyumba vyetu vya matofali, vigae na madirisha ya vioo vina mwangwi mkali unaozifanya fidla mbili zisikike kama moja. Zulia au mkeka mkubwa kati yako na spika, na pazia zito dirishani, vinaleta tofauti kubwa kuliko kununua sabufa nyingine.

Feni ni tatizo la kweli, na sitakushauri uizime mwezi wa pili. Mlio wake unafunika zile noti za chinichini ambazo kwateti inazitumia sana, kisha unaongeza sauti, kisha linakuja fungu la nguvu linakuumiza. Weka feni namba moja na utumie spika za masikioni, au sikiliza alfajiri kabla bodaboda na jenereta za mtaa hazijaanza. Kwenye daladala usihangaike. Kwateti haiwezi kushindana na injini, na ukilazimisha utaharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linataja kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ndani ya basi watu wanakivuka bila kujua.

Mipangilio ya simu inayoharibu kwateti

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Zima kuchanganya nyimbo, maana kwateti ina sehemu nne na mpangilio wake ndio kazi yenyewe. Zima ile hali ya wimbo mmoja kufifia huku mwingine ukiingia. Washa ya kupiga bila kukatiza: kwateti ya Beethoven Op. 131 ina sehemu saba zilizoungana bila kituo, na programu inayoweka ukimya wa sekunde mbili kati ya kila faili inaivunja vipande. Zima ikolaiza, zima "surround" na jina lolote linaloahidi sauti ya sinema. Kama programu inasawazisha sauti, iweke isawazishe albamu nzima badala ya wimbo mmoja mmoja, la sivyo sehemu ya polepole itapandishwa hadi ilingane na ya mwisho yenye vishindo.

Kuhusu bando: kwa ubora wa 128 (kilobiti kwa sekunde) dakika moja hula karibu MB 1, kwa 320 hula MB 2.4, na faili zisizopunguzwa ubora hula MB 5 hivi. Kwateti yako ya dakika 25 ni MB 24, 60 au 125. Kwa vifaa ulivyonavyo 320 inatosha kabisa. Kwa 128 utasikia uchakavu kwenye mikwaruzo midogo ya upinde na pale fidla zinapopanda juu, zinakuwa kama zina mchanga. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Video hula mara kadhaa zaidi ya hapo, ingawa kwa mara moja moja inasaidia kuona nani anapiga nini.

Kutafuta nako kuna mitego. Kwateti yako ina jina la utani "Emperor", yaani Kaisari, lakini ukiandika hilo tu utaletewa konsato ya piano ya Beethoven na waltz ya Strauss. Ukiandika "Haydn Emperor" utapata sehemu ya pili peke yake ikipigwa na okestra nzima ya nyuzi, tena kwenye mkusanyo wa muziki wa kulalia. Andika namba: "Haydn Hob. III:77" pamoja na jina la kundi. Wajerumani huiita Kaiserquartett, na kwao C-Dur ni C meja. Jihadhari na herufi B, ambayo kwao ni B flati, na H ndiyo B yetu. Mwaka unaouona chini ya albamu mara nyingi ni wa kutolewa upya. Tafuta alama ya P ndani ya duara, au maelezo ya lini na wapi ilirekodiwa.

Makundi ya kuanza nayo

Kwa kazi yako, pakua tatu. Kodály Quartet, walioirekodi kwa kampuni ya Naxos, wanapiga kwa uwazi na bila mikogo, na kila sauti unaipata mahali pake. Hao ndio kamusi yako. Quatuor Mosaïques ndio wa nyuzi za utumbo na tuni ya chini: mtetemo wa vidole kidogo, upinde mwepesi, na viola yao ina rangi ambayo huipati kwenye nyuzi za chuma. Wa tatu ni Amadeus Quartet, watu wale wale wanne tangu 1947 hadi mpiga viola Peter Schidlof alipofariki mwaka 1987. Fidla yao ya kwanza, Norbert Brainin, inaimba kwa mtetemo mpana na inatawala kiasi. Wapo wanaoona imezidi. Mimi naona inafaa uisikie, kwa sababu inakuonyesha mtindo wa kizazi kizima, na baada yake unawaelewa Mosaïques vizuri zaidi.

Katika rekodi zilizochukuliwa kwa karibu utasikia mtu akivuta pumzi kwa nguvu kabla ya kuanza. Huyo ni fidla ya kwanza akiwapa wenzake ishara, maana hakuna kondakta. Si kasoro, na ukishaizoea inakusaidia kujua fungu jipya linaingia lini.

Baada ya Haydn nenda kwa Dvořák, Op. 96, iliyotungwa mwaka 1893 kijijini Spillville, jimbo la Iowa, Marekani. Ni ya dakika 25 hivi, na viola ndiyo inayotoa wimbo wa kwanza, kwa hiyo sikio lako litakuwa tayari. Pavel Haas Quartet wa Prague wana rekodi kali sana ya hii, imetolewa na Supraphon. Kisha Mozart, K. 465 ya mwaka 1785. Mwanzo wake utakushtua: chelo inagonga C, viola inaingia na A flati, fidla ya pili E flati, halafu fidla ya kwanza inaingia na A kamili, inayogombana na ile ambayo viola imetoka kuipiga. Kwa vipimo 22 hujui uko wapi, kisha C meja inafunguka. Rekodi haina hitilafu, Mozart alitaka hivyo. Hapo pia ndipo pa kupimia tuni ya kundi, kwa sababu ikiwa mmoja ameteleza hata kidogo mgongano huo unageuka tope.

Ukiipenda hali hii ya sauti kuingia moja moja, linganisha mianzo miwili. Kwateti ya nane ya Shostakovich, aliyoiandika kwa siku tatu Julai 1960 karibu na Dresden, inaanza chini: chelo, viola, fidla ya pili, fidla ya kwanza, wote wakitumia noti nne zinazotokana na herufi za jina lake. Op. 131 ya Beethoven inashuka: fidla ya kwanza peke yake, ya pili, viola, chelo. Zisikilize usiku mmoja, dakika tatu za kwanza tu za kila moja. Kwa Shostakovich, Borodin Quartet ndio wenyeji wa muziki huo. Emerson Quartet waliirekodi mbele ya watazamaji huko Aspen, kwa hiyo ina hatari ya jukwaani ambayo studio huifuta kwa kuunganisha vipande.

Kwa Smetana, kwateti ya kwanza ya mwaka 1876, nakupa tahadhari moja: katika sehemu ya mwisho fidla ya kwanza inashika E ya juu sana, ndefu na kali, juu ya nyuzi zinazotetemeka. Ni mlio uliokuwa ukimpigia mtunzi masikioni alipokuwa anakuwa kiziwi. Watu hutoa spika masikioni wakidhani zimeharibika.

Na kuna mambo ya ukanda wetu pia. Albamu ya Kronos Quartet ya mwaka 1992, Pieces of Africa, ina kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda, ambamo fidla, viola na chelo zinachukua midundo na mipokezano ya muziki wa Kiganda; sikiliza jinsi noti fupi za sauti tofauti zinavyosukana hadi unapata wimbo ambao hakuna hata mmoja anayeupiga peke yake. Nao Quatuor Ébène wa Ufaransa walirekodi kwateti zote za Beethoven kati ya 2019 na 2020 katika miji saba, na Nairobi ni mmojawapo.

Kwateti za mwisho za Beethoven ziache kwanza hadi uweze kufuata fidla ya pili kwa dakika kumi bila kupotea. Usinunue seti nzima ya kwateti zake 16; chukua moja, Op. 132 kwa mfano, na makundi mawili. Takács Quartet wana sauti safi ya kisasa, na Busch Quartet waliirekodi mwaka 1937, yenye mikwaruzo. Katika sehemu ya tatu, ile sala ndefu ya shukrani baada ya ugonjwa, Busch wanapunguza mtetemo wa vidole hadi karibu na sifuri na kuzishika noti ndefu bila haraka, na rekodi ya mono ya zamani inatosha kukuonyesha hilo. Ukifika Op. 130, angalia kabla ya kupakua inaishia na nini. Beethoven aliimalizia kwa Grosse Fuge, fugi (muziki ambamo sauti zinaingia moja moja na wimbo ule ule) ya dakika 15 hivi, kisha mwaka 1826 akaandika mwisho mwingine mwepesi na fugi ikatolewa peke yake kama Op. 133. Baadhi ya rekodi zina mwisho mmoja tu. Chukua yenye yote miwili, na panga faili ili siku moja uisikie kwa fugi na siku nyingine kwa ule mwisho mwepesi.